Tambi Hazikungoja Sala

Nilikichagua kile kimkahawa kwa sababu ya kaunta yake. Mtu akiketi pale hamkabili mwenzake. Mnakaa bega kwa bega, macho kwa mpishi na masufuria yake, na neno zito unaweza kulitoa huku ukiutazama mvuke. Nilikuwa na neno zito. Nilitaka kumwambia dada yangu kwamba naacha masomo ya uuguzi ili niandike riwaya, na nilitaka kumwambia kabla ya Ijumaa. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kujiandikisha kwa muhula mpya, na sikutaka asikie jambo likiwa limekwisha kufanyika.

Sababu ya pili ilikuwa kwamba hapakuwa na Wakenya. Mahali pengine popote tulipozoea kula katika ile miji miwili pacha ya Amerika tulikoishi, lazima angeingia mtu wa kanisani kwetu, avute kiti, aulize habari za nyumbani, na mazungumzo yangekufa. Kimkahawa hicho cha rameni, tambi za Kijapani katika supu, kilikuwa mtaa wa Frogtown, kwenye barabara ya University Avenue, kimebanwa kati ya fundi wa matairi na duka la vyakula la Wavietnamu. Mlango wake ulikuwa mwembamba, na dirisha lilikuwa limefunikwa na ukungu majira yote ya baridi, hata ukipita nje hujui kama ndani kuna watu au kuna birika tu linalochemka.

Rafiki yangu mmoja ndiye aliyenionyesha, Mtanzania wa Tanga aliyekuwa akisomea kilimo. Tulikuwa kikundi kidogo cha wanafunzi wa Afrika Mashariki. Kila Jumamosi tulikutana jikoni kwake kusomeana tulichoandika kwa Kiswahili, tukibishana juu ya sentensi moja mpaka chai inapoa. Yeye alinifundisha sharti la pale: bakuli likifika, kula. Usimngoje mwenzako, usipulize kwa adabu, usianze soga. Tambi za rameni huendelea kuiva ndani ya supu. Ukizichelewesha zinavimba, zinalegea, na mpishi anaona.

“Na uzivute kwa sauti,” aliniambia. “Ukila kimya mzee atadhani hukupenda.”

Mimi nililelewa Voi, katika nyumba ambamo mtoto akinywa uji kwa sauti alifinywa paja chini ya meza. Siku ya kwanza nilizivuta zile tambi huku paja langu likiwa limejikaza lenyewe. Lakini supu ilipopita kooni, nzito, yenye chumvi na mafuta na harufu ya kitunguu kilichoungua kidogo, nilihisi theluji ikiyeyuka ndani yangu, sehemu ambazo sikujua kama zilikuwa zimeganda. Tangu hapo nilikwenda peke yangu kila nilipopata nafasi baada ya masomo. Nikishakula nilikuwa naweza kuandika. Sijui kwa nini. Labda ni ule utaratibu wa kufanya jambo moja tu, kwa moyo wote, mpaka liishe.

Dada yangu alikuwa ametangulia Amerika miaka kadhaa kabla yangu. Alikuwa akiishi Hopkins, kitongoji cha pembeni mwa miji ile, katika jumba la zamani la ghorofa, na kufanya kazi katika nyumba ya wazee huko huko. Aliwaosha, aliwavisha, aliwalisha, aliwageuza kitandani ili wasipate vidonda. Ni yeye aliyeniita, yeye aliyenipa kitanda, yeye aliyesema nisomee uuguzi na kunilipia. Mimi nilikubali, kwa kuwa kwetu dada mkubwa akishasema, mama huwa tayari amekwisha kusema. Kwa muda nilijaribu kwa haki. Nilikariri mifupa. Nilijifunza kupima shinikizo la damu. Lakini kila nilipofungua kitabu cha mishipa, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuja kukaa juu ya ukurasa, mwanamke wa nyumba za reli, mke wa mpiga kengele wa stesheni, akaanza kuniambia habari zake kwa Kiswahili cha kwetu. Nilimfukuza. Alirudi. Mwisho niliacha kumfukuza, nikaanza kumwandika, na nilipofika katikati ya riwaya nilijua kwamba mmoja lazima aondoke, yeye au kozi.

Kwa hiyo nilimwita dada, Jumanne mchana, Machi, theluji ya barabarani ikiwa imekuwa nyeusi kama masizi.

Alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Chini ya koti alikuwa na ile nguo ya kazi yenye maua madogo ya bluu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyefanya shifti mbili mfululizo. Alikung'uta viatu mlangoni, akatazama kaunta, akatazama wateja wawili watatu walioinama juu ya mabakuli, kisha akanitazama mimi.

“Hapa ndipo ulipokuwa unapotelea?”

“Karibu, dada. Keti.”

“Nime-drive kutoka Hopkins na barafu yote hii nije kula kwa Wajapani. Nilidhani umepata mchumba, unataka kunionyesha.” Aliketi, akaliweka koti juu ya magoti. Mtu wa pembeni alivuta tambi zake kwa mlio mrefu. Dada aliinamia sikio langu. “Huyo mama yake yuko wapi?”

“Ndivyo zinavyoliwa.”

“Basi nimechelewa. Nimewafundisha wazee wangu wote kufunga mdomo.” Alisoma kibao cha ukutani. “Ni tambi? Kama zile za sukari, walizokuwa wakituletea majirani siku ya Idd?”

“Hizi zina supu. Na nyama ya nguruwe na yai.”

“Tambi na yai na nguruwe katika bakuli moja,” alisema. “Haya. Wewe ndiye mwenyeji.”

Mpishi alikuwa mzee mfupi, kitambaa cheupe kichwani, ambaye hakuwahi kuniambia zaidi ya maneno matatu kwa mara moja. Niliagiza mabakuli mawili. Alizitupa tambi majini na kusimama juu yake bila kutazama saa. Alizitoa na kikapu chake cha waya, akakikung'uta kwa nguvu mpaka maji yakaruka, akazilaza ndani ya supu, akaweka nyama, yai, majani ya vitunguu. Yote yalitendeka kabla sijamaliza kufikiri nianzie wapi. Mabakuli yalitua mbele yetu. Yeye alipiga hatua moja nyuma, akatupa mgongo, akaanza kufuta kisu chake. Nilijua anasikiliza tutakavyozivuta.

“Kula, dada. Hizi hazingoji.”

“Hatujaomba,” alisema, na kunishika mkono.

Hilo ndilo nililolisahau. Nilikuwa nimepanga kiti, siku, saa, hata sentensi ya kwanza. Nilisahau kwamba dada yangu hajawahi kutia tonge mdomoni bila sala, na kwamba sala zake si za mtu mwenye njaa.

Alifumba macho. Alimshukuru Mungu kwa mchana ule. Alimshukuru kwa barabara, kwa breki za gari, kwa koti alilopewa na mtu wa kanisani. Alimwombea mzee aliyepika na jamaa zake popote walipo. Alivuka bahari akamwombea mama, hasa goti la kushoto, kisha kaka yetu aliyekuwa akitafuta kazi Mombasa. Alirudi Hopkins akawaombea wazee aliotoka kuwaacha, mmoja mmoja, na yule bibi anayemwita kwa jina la binti yake. Mimi nilikuwa nimefumbua jicho moja. Mvuke wa mabakuli ulikuwa ukipungua. Tambi zilikuwa zimeanza kunenepa.

“Na sasa, Bwana,” alisema, na vidole vyake vikaukaza mkono wangu, “nakuletea mdogo wangu.”

Nililifumba lile jicho.

“Wewe unajua tulikomtoa. Ulimpa akili, na hukumpa ya kuchezea. Ulimfungulia mlango wa chuo wakati wengine waligonga mpaka mikono ikachoka. Sasa nimesikia, Bwana, na wewe ulisikia kabla yangu, kwamba kuna shetani wa vitabu vya hadithi anayemnong'oneza aache uuguzi. Mfunge shetani huyo. Mpe mtoto huyu moyo uliotulia. Ijumaa aende akajiandikishe, na atakapovaa kofia ya muuguzi sisi tukupe utukufu.”

Alikuwa anajua. Habari katika Wakenya wa miji ile zilisafiri haraka kuliko basi, na mtu fulani aliyeniona maktaba nikiandika alikuwa amezifikisha. Na dada alikuwa ameichagua silaha ya nyumbani kwetu. Mama hakuwahi kutugombeza mezani. Aliomba. Alimweleza Mungu habari za sufuria ambazo hazikuoshwa, na za kijana aliyeonekana amesimama na binti fulani karibu na stesheni, na sisi tulikaa macho tumefumba, masikio yakiwaka, kwa sababu sala haikatizwi. Hakuna mtu anayemjibu mtu aliye katikati ya kuzungumza na Mungu. Neno pekee uliloruhusiwa lilikuwa la mwisho, na ukishalisema umekubali yote.

“Kwa jina la Yesu,” alisema dada, akangoja.

Nililihisi lile neno likipanda lenyewe kooni, kwa mazoea ya maisha yote. Nilifunga mdomo. Mtu wa pembeni alivuta tambi zake za mwisho, akaliweka bakuli chini, akaondoka. Nilisikia mlango ukifunguka na kufungwa, na baridi ikatupita miguuni.

“Mbona huitikii?”

“Siwezi kuitikia hiyo, dada.”

Hakuuachia mkono wangu wala hakufumbua macho. “Sala haiwezi kuachwa wazi juu ya chakula,” alisema polepole. “Kama ya kwangu haikufai, funga wewe.”

Sidhani alitegemea ningefunga. Alidhani ningeona haya. Lakini nilikuwa nimekuja pale kusema, na kama njia iliyobaki ilikuwa hiyo, basi ilikuwa hiyo. Nilivuta pumzi iliyojaa kitunguu na mvuke, nikaanza.

“Bwana, asante kwa dada yangu. Bila yeye nisingekuwa hapa, na sitasahau. Lakini unajua mkono wangu unavyokuwa nikishika bomba la sindano. Si woga. Ni mkono wa mtu mwingine. Unajua kuna mwanamke anayekaa nami tangu nilipofika huku, anaamka kabla ya treni ya alfajiri, anakoka moto, anazungumza kama majirani zetu walivyozungumza, na katika nchi hii hakuna mtu mwingine anayemsikia. Nikinyamaza mimi, amenyamaza. Hajaletwa na shetani, Bwana. Nadhani umemleta wewe, lakini hata kama amekuja mwenyewe, nimempokea. Sikuombi unitulize. Nimetulia. Nitafanya kazi ya wazee wikendi na likizo, nitachangia nyumbani, sitakuwa mzigo. Lakini Ijumaa siendi kuandika jina langu kwenye uuguzi, nitaliandika kwenye fasihi. Nakuambia mbele ya dada yangu ili asiseme nilimficha.”

Nilisema kwa jina la Yesu. Nikangoja.

Dada naye hakuitikia.

Tulikaa hivyo, mkono ndani ya mkono, sala mbili ziko wazi, na sijui tungekaa mpaka lini kama kivuli hakikutuangukia. Nilifumbua macho. Mpishi alikuwa amesimama mbele yetu. Hakutazama nyuso zetu, alitazama mabakuli. Tambi zilikuwa zimeinywa supu na kuvimba, nyeupe, zimejaa mpaka ukingoni kama mto wa kitanda. Aliyachukua yote mawili.

“Zimekufa hizi,” alisema kwa Kiingereza chake kifupi.

“Samahani, mzee,” dada alimwambia, naye kwa Kiingereza. “Tulikuwa tunaomba.”

“Nimeona.” Alimwaga kila kitu katika ndoo bila hasira, kama mtu anayefunga mlango. Kisha alichukua tambi mbichi, akazitia katika vikapu viwili vya waya, akavitundika kwenye ukingo wa sufuria, juu ya maji, bila kuvizamisha. “Ombeni kwanza. Mkimaliza, semeni. Ndipo ninapika.”

Akasimama pale, mikono nyuma, akangoja. Hakutupa mgongo tena.

Dada alivitazama vile vikapu kwa muda. Nilimwona akitaka kucheka na kukataa kucheka.

“Umenileta kwa askari,” alisema.

“Nilikuambia hazingoji.”

“Na huyo mwanamke wako wa reli. Anaishi vipi? Nani atanunua habari za mke wa mpiga kengele? Wazungu hawajui Kiswahili. Sisi tunaojua tuko shifti.”

“Utamsoma wewe.”

“Mimi nikirudi nyumbani nasoma saa ya kuamka tu.”

“Si kweli,” nilisema. Na hapo jambo ambalo nilikuwa nimeliona kwa miezi mingi bila kulifikiria lilikuja likakaa mbele yangu, wazi kama bakuli. “Kitabu changu cha mwili wa binadamu, umekimaliza. Nimeona mistari ya penseli. Si yangu. Mimi sijafika sura ya figo.”

Aliyarudisha macho kwenye vikapu.

“Nilipokuwa najaribu kukariri mishipa, wewe ndiye uliyekuwa unanisahihisha huku unakaanga mboga. Hukutazama kitabu. Dada, ile sala uliyoomba, mwombewa si mimi.”

Mkono wake ulilegea. Nilidhani atanizaba kofi, kwa namna alivyogeuka. Dada yangu alikuwa ameacha shule baada ya kidato cha nne ili sisi wadogo tuendelee. Hakuwahi kuizungumza habari hiyo, na sisi tuliichukulia kama hali ya hewa, kitu kilichokuwapo tu.

“Mimi mtu mzima,” alisema. “Nikakae darasani na watoto?”

“Uko na wazee kutwa, unaogopa watoto?”

“Usinichezee.”

“Sichezi. Nafasi tunayogombania hapa, mmoja wetu anaitaka na mwingine haitaki, na tumeshika ncha zisizo zetu.”

Nje lori la kusukuma theluji lilipita na mabakuli ya rafuni yakatetemeka. Nilitaka kuongeza maneno. Nilikuwa nayo, mazuri, nimeyaandaa kwa wiki nzima. Niliyaacha. Nilijua kwamba kama atakataa, nitaondoka Hopkins nikatafute chumba, na nitamaliza kile kitabu hata nikiandikia ndani ya basi. Kulijua hilo kulinifanya niweze kunyamaza. Lakini sikutaka kuondoka. Nilitaka kukimalizia nyumbani kwake, nikisikia ufunguo wake mlangoni.

“Mama utamwambia wewe mwenyewe,” alisema hatimaye.

“Nitamwambia.”

“Kwa simu, si kwa barua. Asikie sauti yako. Mimi sitasimama katikati.”

“Sawa.”

“Na usidhani nimekubali. Nimechoka tu, na nina njaa.” Aliuachia mkono wangu, akajifuta kiganja kwenye ile nguo ya maua, akamwinulia mpishi kidevu kama alivyokuwa akimwinulia mwuza nyama sokoni Voi. “Lete, mzee. Tumemaliza.”

Vikapu vilizama. Safari hii mabakuli yalipotua hakufumba macho. Nilimtazama kwa mshangao.

“Nini? Tumeshaomba,” alisema. “Hata Mungu amechoka.”

Alivishika vijiti kama anayeshika penseli mbili, akashindwa, akaomba uma. Kisha akainama na kuzivuta zile tambi, kwa woga kwanza, halafu kwa sauti kubwa kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumsikia pale, akapaliwa, akakohoa, akaendelea. Mpishi alitupa mgongo na kuanza kufuta kisu. Tulikula bila kusema. Supu ilikuwa kali kwa moto na mimi machozi yalinitoka, na nikaridhika kuyaacha yatoke kwa kisingizio hicho.

Siku mbili zilizofuata hakuniambia kitu zaidi ya habari za chumvi na funguo. Nilimpigia mama simu. Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ataomba, na nilimwambia ninajua.

Ijumaa asubuhi nilipotoka chumbani nilimkuta dada amevaa viatu vya kanisani. Hakueleza. Tuliendesha kimya mpaka chuoni, akaegesha mbali ili tusilipie, tukatembea kwenye barafu tumeshikana. Ofisini foleni ilikuwa ndefu. Zamu yetu ilipofika nilimwambia mama karani aliyekuwa nyuma ya meza kwamba ninajiondoa kwenye uuguzi na kuhamia fasihi. Yule mama aligonga muhuri, akauliza kama kuna jambo jingine.

Dada alinipita kwa bega, akavuta kiti, akaketi kama mtu aliyekuja kukaa.

“Lipo,” alisema. “Nataka kujua mtu mwenye cheti cha kidato cha nne cha Kenya anaanzia wapi. Na masomo ya jioni.”

Yule mama akaanza kumweleza. Nilisogea ili nisikie. Dada aligeuza kichwa, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, na kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo ofisi nzima iliisikia bila kuielewa, akaniambia, “Wewe kangoje nje. Haya ni mambo ya wauguzi.”